Je, mdunguzi anaweza kupiga kizibo cha soda akiwa kilomita moja?

Ubishi ulianzia kwa kinyozi, pale Maseno, hatua chache kutoka kwenye kibao cha mstari wa Ikweta. Runinga ilikuwa inaonyesha filamu ya vita. Shujaa, mdunguzi, yaani mlenga shabaha wa mbali, alilala juu ya paa, akavuta pumzi, akafyatua, na mtu akaanguka upande wa pili wa mji. Kijana aliyekuwa akingoja zamu yake akasema huyo jamaa angepiga hata kizibo cha soda kutoka kilomita moja. Kinyozi akakataa. Wakawekeana soda.

Mzee aliyekuwa kwenye kiti, povu limejaa kidevuni, alikuwa mwanajeshi mstaafu. Hakugeuza hata shingo. "Kilomita moja?" akauliza. "Kwanza niambie upepo unatoka wapi."

Nilicheka. Jioni nikaketi na karatasi nikapiga hesabu, nikaona mzee alikuwa amemaliza karibu mjadala wote kwa sentensi moja. Kwa mita 100, mlenga shabaha hodari mwenye bunduki nzuri atakipiga kizibo, na akirudia atakipiga tena. Kwa mita 1,000 hapana. Anaweza kukipata siku moja, lakini hawezi kukuahidi.

Tuanze na vipimo. Walenga shabaha hawazungumzi sentimita tu, huzungumza pembe. Duara lina nyuzi 360. Ukiigawa nyuzi moja vipande 60, kila kipande ni dakika moja ya pembe. Fikiria mwanga wa tochi: kadiri unavyokwenda mbali ndivyo unavyotanuka. Kwa mita 100, dakika moja ya pembe ina upana wa sentimita 2.9, yaani kizibo cha soda karibu kabisa. Kwa mita 1,000, dakika ile ile imekuwa sentimita 29, sahani kubwa ya pilau. Bunduki nzuri iliyolazwa juu ya mifuko ya mchanga, ikiwa na risasi nzuri, huweka matundu yake ndani ya dakika moja hivi au chini yake. Jicho zima lisilo na darubini nalo huishia hapo hapo. Kitu chembamba kuliko dakika moja halikitofautishi na jirani yake. Kizibo chetu kikiwa kilomita moja ni kama sehemu ya kumi ya dakika. Bila darubini hukioni kabisa, sembuse kukilenga.

Hata hivyo, mkono wa binadamu una uwezo kuliko tunavyoudhania. Kwenye Olimpiki kuna shindano la bunduki ya hewa la mita 10, ambapo mtu hupiga akiwa amesimama. Alama ya 10 katikati ya shabaha ni nukta ya nusu milimita, kama ncha ya kalamu ilipogusa karatasi. Kidonge chenyewe kina kipenyo cha milimita 4.5, kwa hiyo shabaha ni ndogo kuliko kinachorushwa. Na kwa kuwa kuipata 10 hakutoshi kuwatenganisha mabingwa, nayo imegawanywa hadi 10.9. Mwaka 2024, katika michezo ya Paris ambayo upigaji wake ulifanyika Châteauroux, msichana wa Korea Kusini, Ban Hyo-jin, alichukua dhahabu akiwa na miaka 16. Risasi 24 zilimpa alama 251.8. Gawanya uone: karibu 10.5 kila risasi, mbele ya dunia nzima, akiwa na umri wa mtoto wa sekondari.

Wanafanyaje? Mwili haukai tuli, hata mtu asimame kama mlingoti. Moyo ukipiga, damu husukuma mkono, na mtutu hucheza. Kwa hiyo hawapigani na mwili, huusubiri. Hutoa pumzi nusu, wakaingia kwenye kile kituo kifupi kabla ya kuvuta nyingine, kisha kidole hukibana kifyatuo polepole kiasi kwamba mlio humshtua mpigaji mwenyewe kidogo. Wengine hujifunza kufyatua kati ya pigo moja la moyo na jingine. Kule kwenye theluji kuna mchezo wa kuteleza kwa mbao za miguuni ukichanganywa na bunduki: mtu hufika akihema, moyo unadunda, analala chini, na papo hapo anatakiwa kupiga vishabaha vitano vya milimita 45 vilivyo mita 50. Mara nyingi najiuliza vijana wetu wa Nandi na Iten wangefanya nini huko kama theluji ingekuwa jirani.

Ukimpunguzia binadamu kazi ya kuishikilia, ukaiweka bunduki juu ya meza, mambo huwa ya ajabu zaidi. Mwaka 1973 Mmarekani Mac McMillan alipiga risasi tano kwa yadi 100, ambazo ni mita 91, na kundi lake, yaani matundu yote kwa pamoja, lilikuwa na upana wa inchi 0.009 ukipima kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Hiyo ni chini ya robo milimita. Risasi tano, tundu moja. Rekodi hiyo ilikaa miaka 40.

Sasa kijana wetu wa Maseno angesema: basi zidisha kwa kumi. Kama kwa yadi 100 kosa ni robo milimita, kwa yadi 1,000 litakuwa milimita mbili na kitu, na kizibo kimekwisha. Hapo ndipo penye mtego. Hakuna aliyewahi kukaribia kundi la namna hiyo kwa yadi 1,000, kwa sababu pembe hutanuka kwa hesabu ya darasani lakini risasi haisafiri darasani.

Risasi ya kawaida ya milimita 7.62 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 800 hivi kwa sekunde. Mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu huizungusha zaidi ya mara 2,500 kwa sekunde ili isipinduke hewani, kama pia ya kuchezea watoto inayosimama kwa sababu inazunguka. Lakini kuanzia inapotoka mdomoni inaanguka, sawa na jiwe ulilolidondosha. Kufika mita 1,000 huchukua sekunde moja na nusu na zaidi, na kwa muda huo imeshuka zaidi ya mita kumi. Kwa hiyo mpigaji hulenga mbinguni, kwa maana halisi. Na iwapo risasi moja ilipata baruti iliyoisukuma polepole kuliko mwenzake kwa mita 10 tu kwa sekunde, itatua chini yake kama sentimita 30. Ndiyo maana wanaoshindana umbali huo hupima baruti yao wenyewe kwa mizani ya chembechembe, ganda moja baada ya jingine, usiku kucha.

Halafu kuna hewa yenyewe, na hapa Bonde la Ufa linaingia. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama mita 1,130. Hewa ya Nakuru ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 17. Hewa hiyo hiyo inayomkaba mgeni akijaribu kukimbia huiachia risasi njia. Mtu aliyerekebisha darubini ya bunduki yake pwani kwa mita 1,000, kisha akaja kupiga Nakuru bila kugusa kitu, risasi yake itapita juu ya shabaha kwa zaidi ya mita moja. Ametoka nyumbani akiwa bingwa, amefika bondeni hawezi kupiga mlango.

Mzee, hata hivyo, aliuliza upepo, na hakukosea kuuanza huo. Kushuka kwa risasi ni kwingi lakini kunatabirika, jedwali litakuambia. Upepo hauna jedwali. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa, ule unaopeperusha leso kwenye kamba bila kuing'oa, huisogeza risasi yetu zaidi ya mita mbili kwa umbali wa mita 1,000. Upepo wa kutembea, ambao hata hungeutaja kwa jina, unatosha kuipeleka nusu mita. Kizibo kina sentimita tatu.

Mtu wa Kisumu hahitaji kufundishwa tabia ya upepo. Asubuhi ziwa limelala. Jua likipanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa yake huinuka, na ile ya ziwani huja kujaza pengo. Usiku mambo hugeuka. Wavuvi wa Dunga wameishi kwa ratiba hiyo tangu zamani za matanga. Sasa weka mlenga shabaha hapo saa tisa mchana akielekea kaskazini: upepo wa ziwani unampiga ubavuni, haukai kasi moja hata dakika mbili, na majani yaliyo karibu naye yanainama kivyao, yale ya katikati kivyao, yale ya kwenye shabaha yamesimama. Aamini yapi? Wazoefu huyapa uzito zaidi yale ya karibu, kwa sababu risasi iliyopotoshwa mapema hubeba kosa lake njia nzima.

Pia husoma mazigazi. Yale mawimbi ya joto unayoyaona juu ya lami ukitoka Kisumu kwenda Ahero saa saba mchana, sisi huyaona kama kero ya macho tu. Wao huyaelekezea darubini. Yakiinamia kulia, upepo unakwenda kulia; yakilala kabisa, ni mkali; yakipanda wima kama maji yanayochemka, ama hakuna upepo ama unakuja moja kwa moja usoni au mgongoni. Bingwa hutazama mpaka hali aliyoichagua irudi, ndipo afyatue. Kazi yake kubwa ni kungoja.

Na sasa lile ambalo mzee hakulitaja, na linalonifurahisha kuliko yote kwa sababu ni letu. Dunia inazunguka chini ya risasi ikiwa hewani. Mpigaji wa Uingereza anayepiga mita 1,000 huona risasi ikihamia kulia kwa sentimita tisa hivi kwa sababu hiyo peke yake. Mwenzake wa kusini mwa dunia huiona ikienda kushoto. Ikweta hakuna kulia wala kushoto. Ukisimama pale kwenye kibao cha Maseno, kosa hilo ni sufuri. (Wale wanaowaonyesha watalii beseni na njiti ya kiberiti, kwamba maji yanazunguka huku hatua kumi kaskazini na kule hatua kumi kusini, wanafanya mazingaombwe. Katika beseni nguvu hiyo ni ndogo mno, na hatua kumi hazibadilishi kitu.)

Lakini Ikweta inachotupunguzia ubavuni inatuongezea wima. Hapa ardhi inakwenda mashariki kwa kilomita 1,670 kwa saa, kasi kuliko popote duniani. Ukipiga kuelekea machomozi ya jua, unaongeza kasi ya risasi juu ya ile ya dunia, na risasi inakuwa nyepesi kidogo, asilimia moja hivi, kwa hiyo inaanguka pungufu kidogo. Ukipiga kuelekea machweo, inakuwa nzito kwa kiasi hicho hicho. Kwa mita 1,000, ya mashariki itatua juu kama sentimita 12, ya magharibi chini kama sentimita 12. Tofauti ya risasi mbili zilizotoka bunduki moja, mkono mmoja, kwa kugeuka tu, ni karibu sentimita 24. Katika mashindano ya Marekani ya kupiga ukiwa umelala chini kwa umbali wa yadi 1,000, duara lote la alama ya 10 lina kipenyo cha sentimita 50.8, kwa hiyo tofauti hiyo ni karibu nusu yake.

Kuna atakayesema, mbona tunasikia habari za mdunguzi wa Kanada huko Iraq mwaka 2017, mita 3,540? Shabaha ilikuwa mtu, na mtu ni mkubwa mara nyingi kuliko kizibo. Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Wyoming, Marekani, Septemba 2022. Kikundi cha wapigaji kilipata shabaha iliyokuwa zaidi ya kilomita saba. Risasi ilikaa hewani sekunde 24 na zaidi. Konda angekuwa ameshakusanya nauli viti viwili. Waliipata, lakini kwa risasi ya 69. Zile 68 za kwanza ndizo zinazokuambia hali halisi ya usahihi katika umbali huo, na ndizo ambazo filamu huzikata.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa kinyozi na karatasi yangu. Mzee alikuwepo. Nilipomfikishia habari ya mashariki na magharibi alinyamaza, akaangalia mlangoni kana kwamba anatafuta jua liko wapi, kisha akasema wao walikuwa wakipiga mita mia tatu tu, na hata hizo, siku ya upepo, sajini alikuwa haongei na mtu. Kinyozi akanyoosha mkono kudai soda yake. Kijana anashikilia kwamba kwenye ile filamu hakukuwa na upepo, na mpaka leo hajanunua.