Makapeni chini, penseli juu: yanayosemwa Goma na yaliyo kweli

Wachoraji wa Goma wanaotumiwa picha kwenye simu ili wachore sura ya mtu wamezoea penseli za rangi. Makapeni, yaani kalamu nene za rangi, nyingi za wino wa spiriti, zilifuata, zikapakwa chini ya penseli, zikaja na maneno yake. Tuyapime moja moja.

"Anayeanza anunue seti kubwa." Copic, chapa ya makapeni ya Japani iliyoanza kuuzwa mwaka 1987, ina rangi 358, na hata seti za bei nafuu huvutia macho papeteri, kwenye duka la vifaa vya kuandikia. Lakini ukishapanga kupaka penseli juu, nyingi zitalala kwenye mkebe. Kazi ya makapeni hapa ni kutandika: kuficha weupe wa karatasi ili penseli isihangaike kujaza vitundu. Kijivu mbili, kahawia nne, samawati moja hafifu na zambarau moja zinatosha kuanzia. Tofauti ndogondogo ziachie penseli.

"Seti ya rangi za ngozi ni ya kila ngozi." Ifungue uone: mara nyingi ni pichi na waridi tele, kahawia chache pembeni. Kwa nyuso za Kivu, nunua kahawia mojamoja ukiweza, na uchague iliyo nyepesi kuliko ngozi unayoitaka, maana penseli huongeza giza bila shida, ila kurudisha mwanga mahali palipokwisha kolea ni taabu. Paji la uso na ncha ya pua, panapopigwa na mwanga wa mchana, usipapake kahawia mapema. Weka ile samawati hafifu, au uache karatasi wazi, kisha penseli ya kahawia ipite kwa mkono mwepesi. Kwenye vivuli vya shingo, zambarau iliyotandikwa chini ya kahawia hutoa giza lenye uhai. Nyeusi tupu, kwa maoni yangu, huua sura.

"Rangi ya kifuniko ndiyo utakayoipata." Jaribu kwenye kipande cha karatasi ileile, usubiri ikauke. Wino wa spiriti ukiwa mbichi hudanganya: huonekana mkolevu zaidi.

"Penseli kwanza, makapeni baadaye." Hili hula pesa. Spiriti hulegeza nta ya penseli na kuzoa rangi yake, ncha ya makapeni ikachafuka, pengine ikaziba. Wapo wanaoyeyusha penseli hivyo kwa makusudi, kwa makapeni isiyo na rangi. Wao hutenga moja ya kazi hiyo tu.

"Karatasi laini ya makapeni ndiyo bora." Kwa makapeni peke yake, sawa. Penseli hutaka ukwaru. Bila huo, tabaka la tatu huteleza tu. Tafuta karatasi nzito yenye ukwaru kidogo, weka nyingine chini yake kwa sababu spiriti hupenya, na uipanguse kwanza, maana vumbi letu la lava huchubua ncha za makapeni zilizo kama brashi.

Fetre za shule, zile kalamu za rangi za wino wa maji, nazo zinafaa, mradi upake mara moja tu. Ukirudia pakiwa pabichi, karatasi huchubuka.

"Ikishakauka haipauki." Wino wa spiriti kwa kawaida hutengenezwa kwa rangi zinazofifia kwenye mwanga, na penseli ya juu haiziokoi. Kwa picha ya kutundikwa sebuleni, tandika kwa kalamu za wino wa pigmenti (chembe za rangi zinazostahimili mwanga zaidi), kama Pitt Artist Pen za Faber-Castell, au mwambie mteja mapema aiweke mbali na dirisha.