Kidonda cha kulala kikiwa cheusi na kikavu, hakijapona

Vidonda vya kulala ni nini?
Ni vidonda vya mtu aliyelala au kukaa mkao mmoja mpaka uzito wake ukabana damu isifike kwenye ngozi na nyama. Hutokea penye mfupa: chini ya kiuno, kwenye nyonga na visigino.

Cha babu kimekauka, kimekuwa cheusi. Si ndiyo kinapona?
Hapana. Ule weusi ni nyama iliyokufa, na chini yake panaweza kuwa na shimo lenye usaha. Ndugu huja hospitalini kwetu wakisema "kilikuwa kimekauka vizuri tu", na mzee ana homa, hajitambui. Hakijakauka vizuri! Usikibandue mwenyewe, usikiloweke. Mpelekeni zahanati.

Tunanyunyizia unga wa kapsuli za rangi mbili.
Acheni, tafadhali. Unga wa kapsuli hautibu kidonda hiki. Unaganda juu na kutuficha hali yake. Majivu, dawa ya meno na spiriti navyo viacheni. Safisheni kwa maji ya chumvi ya hospitali, au maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kisha funikeni kwa shashi safi.

Tutajuaje mapema?
Kwa ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta sehemu iliyokolea weusi kuliko ngozi ya jirani yake, yenye joto, ngumu au inayouma. Usiisugue, mwondoe mgonjwa asiilalie. Huku kwetu Mbeya, Njombe na Makete shida ni baridi ya Juni na Julai: mzee anafungwa blanketi tatu, hakuna anayemfunua mgongo wiki nzima. Mfunueni kila siku, hata akinung'unika. Na chupa ya maji ya moto miguuni humuunguza asiyehisi.

Makao yetu ya wazee yana wahudumu wachache. Tufanyeje?
Mgeuzeni asiyejigeuza kila baada ya saa 2, usiku pia, na andikeni saa ukutani. Bila kuandika, kila zamu hudhani nyingine imegeuza. Mto uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie. Nepi iliyolowa itolewe mara moja. Uji mtupu haujengi nyama: maharage, mayai, maziwa, dagaa.

Tunasubiri tuuze viazi ndipo tumpeleke.
Kwa kidonda cheusi, chenye harufu au chenye homa, hapana. Anzieni zahanati ya karibu leo. Wao ndio wataamua kama aje hospitali.