Baada ya tiba ya bega lililoganda, je, mkono utulizwe?
Wengi huamini kwamba mtu aliyetibiwa bega lililoganda, yaani bega linalouma na kukaza hadi mkono kuwa mgumu kuusogeza, iwe kwa sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) au kwa kunyooshwa bega akiwa chini ya dawa ya usingizi, anapaswa kuutuliza mkono hadi maumivu yaishe kabisa. Imani hiyo inaeleweka, kwa kuwa ndivyo tunavyouguza mfupa uliovunjika.

Hata hivyo, tatizo hapa ni utando unaozunguka kiungo, ambao umekuwa mnene na kusinyaa. Tiba huupunguzia uvimbe au huulegeza, lakini bega lisipochezeshwa huweza kukaza tena. Ndiyo maana mazoezi mepesi huanza mapema, kwa kiwango alichopanga mtaalamu: kuinama na kuuacha mkono ubembee wenyewe, au kutambaza vidole ukutani kuelekea juu. Subira inahitajika sana, maana kupona huchukua miezi, wakati mwingine miaka.

Ili kujipima, weka alama ya penseli ukutani pale vidole vinapofikia, kisha urudie kila wiki. Maumivu madogo yanayotulia muda mfupi baada ya zoezi ni ya kawaida. Yakizidi siku hadi siku, au ukipata homa na bega kuwa jekundu, mwone daktari bila kuchelewa.