Askari wa Keya na Kugeuka kwa Vita vya Burma, 1944

Ninapofundisha historia ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanafunzi huniambia kwamba vita vya Burma (Myanmar ya leo), kati ya Wajapani na jeshi la Uingereza, viligeuka katika mapigano ya Imphal na Kohima. Jibu hilo ni sahihi lakini linaishia njiani, kwa sababu jeshi lililoshindwa likiachwa lipumzike huweza kurudi msimu unaofuata.

Machi 1944, Jenerali Mutaguchi Renya alivusha divisheni tatu za Japani katika Mto Chindwin ili auteke mji wa Imphal, kaskazini mashariki mwa India. Askari wake walibeba chakula cha takribani wiki tatu, kwa kuwa mpango mzima ulitegemea kuteka maghala ya Waingereza kabla posho haijaisha. Mimi naliona kosa lake kubwa zaidi hapo, si katika pambano lolote moja. Jenerali William Slim, kamanda wa Jeshi la 14, ambalo ndani yake Wahindi walikuwa wengi kuliko Waingereza, aliwarudisha watu wake kwenye uwanda wa Imphal, akaisafirisha Divisheni ya 5 ya India kwa ndege kutoka Arakan, pwani ya Burma, kisha akawalisha waliozingirwa kwa ndege hadi barabara ya kutoka Kohima, mji wa kaskazini ya Imphal uliokuwa nao umepiganiwa, ilipofunguliwa tarehe 22 Juni. Wajapani walipoteza watu zaidi ya 50,000, kwa kuhesabu waliokufa, waliojeruhiwa na waliougua, na wengi waliokufa waliuawa na njaa na maradhi.

Wakati huo mvua za monsuni zilikuwa zimekwisha kushika, na kwa desturi ya vita vya huko, huo ulikuwa msimu wa kusimamisha mapigano. Slim aliamua kumfuata adui papo hapo. Divisheni ya 5 ya India ilishuka kwa barabara ya Tiddim, na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, chini ya Meja Jenerali Charles Fowkes, ikapewa Bonde la Kabaw, magharibi ya Chindwin.

Divisheni hiyo ilijengwa juu ya batalioni za King's African Rifles, ambazo wazee wetu waliziita Keya, zenye vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, pamoja na wenzao wa Rhodesia ya Kaskazini. Kiswahili ndicho kilichowaunganisha wengi wao, na afisa Mwingereza aliyepelekwa Keya alitarajiwa kujifunza lugha hiyo. Bondeni, malaria ilikuwa adui wa kila siku. Mwaka 1943, kwa kila majeruhi mmoja aliyeondolewa kwenye uwanja wa vita vya Burma, waliondolewa wagonjwa 120, na ndiyo sababu Slim alisimamia kwa ukali umezaji wa vidonge vya mepakrini, dawa ya malaria. Malori yalizama matopeni, hivyo askari wakatandika magogo ili njia ipitike, na chakula na risasi vikadondoshwa kwa miavuli kutoka angani. Ni kazi isiyo na kishindo cha Kohima, lakini iliwanyima Wajapani muda wa kujipanga upya magharibi ya mto.

Novemba, divisheni hizo mbili zilikutana Kalemyo, na tarehe 2 Desemba Keya waliingia Kalewa, kando ya Chindwin. Siku chache baadaye wahandisi walitandaza juu ya Chindwin daraja la chuma la aina ya Bailey, linalounganishwa kwa vipande vilivyokwisha kutengenezwa, lenye urefu wa mita 350 hivi, refu kuliko yote ya aina yake wakati huo. Kiangazi kilipoanza, Slim alikuwa tayari na njia ya kupitishia malori na mizinga, na hapo ndipo safari ya kuiteka miji ya Burma ya Meiktila, Mandalay na Rangoon, huu wa mwisho ukitekwa Mei 1945, ilipowezekana.

Divisheni ya 11 haikuwamo katika safari hiyo. Baada ya kuulinda ukingo wa mashariki hadi wengine wavuke, ilirudishwa India kupumzika, na kwa hiyo masimulizi ya Mandalay na Rangoon huanza ng'ambo ya daraja, mahali ambapo batalioni zake zilikuwa zimekwisha kuondoka.