Majira ya baridi katika jangwa la Arizona: yanayosemwa na yalivyo

Kuanzia mwezi wa Oktoba, maelfu ya watu wa Kanada na wa majimbo ya kaskazini ya Marekani hufunga nyumba zao na kushuka kusini-magharibi, hasa Arizona na upande wa jangwa wa California, ili theluji isiwakute kwao. Wamarekani huwaita "ndege wa theluji". Wengi wao ni wastaafu wenye magari makubwa ya kuishi ndani, lakini wapo pia wanaosafiri peke yao wakivuta trela ndogo za futi 13 hadi 17, ambazo ndani hazina zaidi ya kitanda, jiko la gesi, sinki na meza ya kukunja. Kwa mtazamo wangu, watu wa kundi hili la pili ndio wanaodanganywa zaidi na masimulizi ya jangwa, kwa sababu hujiandaa kukabiliana na jua na nyoka, kisha wakakutana na usiku, mwinuko na unyevu.

"Jangwa ni joto, blanketi moja linatosha"

Jangwa hutambuliwa kwa uhaba wa mvua, wala si kwa joto lake. Mji wa Yuma, ulio kwenye Mto Colorado karibu na mpaka wa Meksiko, hupata mvua isiyofika milimita 100 kwa mwaka mzima. Mchana wa Januari katika mji wa Quartzsite, kaskazini ya Yuma, hufika nyuzi 19 au 20 za Selsiasi, hali ambayo mkazi wa Nairobi angeifananisha na Julai ya kwao. Hata hivyo, kwa kuwa hewa ni kavu na anga haina mawingu ya kulizuia joto la ardhi lisipotee, baridi hushuka mara tu jua linapozama, na kufikia alfajiri huwa nyuzi 5 au 6, huku siku nyingine maji yakiganda ndani ya mpira wa kuchotea.

Linalosahaulika zaidi ni mwinuko. Yuma iko kama mita 40 tu juu ya usawa wa bahari, Quartzsite iko chini kidogo ya mita 270, Tucson imepita mita 700, na Flagstaff iko mita 2,100, ambako theluji ya mwaka wa kawaida hupita mita mbili ikijumlishwa. Miji hii yote imo katika jimbo moja, na kutoka Phoenix hadi Flagstaff ni mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari. Mtu aliyekulia Moshi hahitaji kuelezwa kwamba ukipanda mita 1,000 joto hupungua kwa nyuzi sita hivi. Lakini mtu huyohuyo akiona neno "Arizona" kwenye ramani hudhani kwamba ukingo wa korongo kuu la Grand Canyon mwezi wa Januari utakuwa kama Yuma, na kule hukuta barabara zenye barafu. Kwa mwenye trela ndogo yenye kuta nyembamba, kanuni inayofaa ni kusoma mita za mahali kabla ya kusoma jina lake.

"Trela ndogo hupata joto upesi, kwa hiyo haina taabu"

Nusu ya kauli hii ni kweli. Chumba kidogo hupata joto upesi, na kwa sababu hiyohiyo hujaa unyevu upesi. Pumzi ya mtu mmoja usiku kucha, sufuria ya chai na taulo lililoanikwa vinatosha kuyafanya madirisha yatiririke maji. Gesi nayo huongeza yake: kila kilo moja ya propani inayoungua hutoa takriban kilo 1.6 za maji kama mvuke, na hita isiyokuwa na bomba la kutolea hewa nje huuacha mvuke huo wote ndani. Maji hujikusanya chini ya godoro na nyuma ya makabati, na baada ya wiki chache kuvu huanza kunuka.

Hapo ndipo wengi hufanya kosa kubwa zaidi, yaani kuziba kila upenyo ili joto lisitoke. Hita au jiko linapoungua mahali pasipo na hewa ya kutosha huzalisha kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlevya mtu usingizini kabla hajajua kwamba anaumwa. Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako, hawakuwa na trela akilini, lakini msemo huu unaifaa kuliko hofu ya nyoka walioko nje. Mwenye wenzake huenda akaamshwa na mmoja wao. Aliye peke yake hana wa kumwamsha ila king'ora, kwa hiyo kifaa cha kugundua gesi hiyo lazima kiwemo na kijaribiwe mara kwa mara. Tundu la paa na dirisha moja viachwe wazi kidogo, jiko la kupikia lisitumiwe kamwe kupasha joto chumba, na hita izimwe kabla ya kulala, ili usiku umalizwe kwa mfuko mzito wa kulalia na chupa ya maji ya moto miguuni.

"Jua ni tele, umeme hautasumbua"

Yuma huhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye jua jingi kuliko zote duniani, na hilo halina ubishi. Tatizo ni pembe ya jua. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tumezoea jua linalopita juu ya utosi, kwa hiyo hatuoni kosa la kulaza paneli za sola juu ya paa. Katika latitudo ya 33, tarehe 21 Desemba, jua la saa sita mchana halipandi zaidi ya nyuzi 34 kutoka upeo wa macho, na paneli iliyolala hupokea nusu na kidogo tu ya mwanga ambao ingeupata kama ingelikabili jua. Tena mchana wenyewe una saa kumi tu. Paneli ya kubebeka, iliyosimamishwa kwa mwinamo mkali ikitazama kusini, huwa na faida kuliko kununua betri ya pili. Betri za lithiamu nazo hazipaswi kuchajiwa zikiwa chini ya nyuzi sifuri, kwa hiyo mahali pake ni ndani, si kwenye sanduku la mbele ya trela.

"Ardhi ya jangwa haina mwenyewe"

Inaye. Sehemu kubwa inasimamiwa na Bureau of Land Management, taasisi ya serikali kuu inayojulikana kwa kifupi kama BLM, na kwa kawaida mtu huruhusiwa kukaa bure mahali pamoja kwa siku 14 ndani ya kila siku 28, kisha ahame. Anayetaka kutulia msimu mzima ana maeneo ya wageni wa muda mrefu, yaliyoanzishwa mwaka 1983, kama La Posa nje ya Quartzsite, ambako kibali cha kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili kwa miaka mingi kiligharimu dola 180. Ardhi za mataifa ya wenyeji asilia, kama Tohono O'odham, zina mamlaka zake na idhini huombwa kwao, na viwanja vya mazoezi ya kijeshi karibu na Yuma huweza kuwa na mabomu ambayo bado hayajalipuka. (Apitaye Quartzsite asikose kuliona kaburi lenye umbo la piramidi na sanamu ya ngamia kileleni: alizikwa humo Hadji Ali, aliyeletwa katika miaka ya 1850 kuwatunza ngamia ambao jeshi la Marekani liliwajaribu jangwani, na aliyefariki mwaka 1902. Wenyeji waliligeuza jina lake kuwa Hi Jolly.)

Wasomaji wasio raia wa Marekani wakumbuke kwamba askari wa mpakani huweka vizuizi hata ndani ya nchi, kwa mfano kwenye barabara kuu ya I-19 kati ya Nogales na Tucson, na sheria inamtaka mgeni mwenye umri wa miaka 18 au zaidi atembee na hati zake.

"Hewa kavu ni dawa ya kifua"

Imani hii ina historia: wagonjwa wa kifua kikuu walipelekwa Arizona kwa wingi kabla ya kupatikana kwa viuavijasumu. Lakini udongo wa huko una kuvu wa Coccidioides, ambaye vumbi linapotimka huvutwa puani na kusababisha ugonjwa uitwao homa ya bonde. Wengi hawaoni dalili yoyote. Wengine, wiki moja hadi tatu baadaye, hupata homa, kikohozi na uchovu unaofanana na nimonia. Hauambukizwi kutoka mtu hadi mtu. Jambo linalotuhusu hasa, wakiwemo Wakongo wazungumzao Kiswahili waliopewa makazi Phoenix na Tucson, ni kwamba watu wenye asili ya Afrika wako katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huu kuwa mkali na hata kuenea nje ya mapafu, pamoja na wajawazito na wenye kisukari. Msafiri aliyerudi kaskazini na kikohozi kisichoisha amtajie daktari jangwa alilokaa, kwa kuwa daktari wa huko huenda asilifikirie mwenyewe.

"Nyoka, mafuriko na majambazi"

Nyoka aina ya kayamba, wale ambao mkia wao hulia kama kayamba (rattlesnake), hujificha wakati wa baridi na huonekana mara chache, hasa siku zenye joto. Mafuriko ni ya kuogopwa zaidi, kwani mvua za majira ya baridi zipo, na korongo kavu lililo tambarare, linalovutia kama uwanja wa kuegesha, huweza kujaa maji ya mvua iliyonyesha milimani mbali. Kuhusu majambazi, aliye peke yake huchagua mwenyewe umbali wa kukaa na majirani, na wengi hupenda kuwaona bila kuwasikia. Hatari yake ya kila siku iko kwingine: kifundo cha mguu kinachoteguka mahali pasipo na mtandao wa simu, au trela inayobiringika kwa sababu ilifunguliwa kutoka kwenye gari kabla ya magurudumu kuwekewa vizuizi. Kwa hiyo kabla ya kila safari ya miguu, kuna mtu mmoja anayepaswa kujua njia iliyochukuliwa na saa ya kurudi, na vizuizi vya magurudumu viwekwe kabla ya kugusa kitu kingine chochote.