Pambo la Kroshia la Krismasi: Maana Yake

Pambo la kroshia la Krismasi ni umbo lililofumwa kwa uzi mmoja na sindano moja yenye kulabu nchani, kisha likakazwa ili lishike sura yake linapotundikwa mtini, dirishani au mlangoni katika siku za Krismasi. Maana hiyo ina sehemu mbili, ya kufuma na ya kukaza, na kwa maoni yangu ile ya pili ndiyo inayosahaulika, ingawa ndiyo inayolitenga pambo na kitambaa cha mezani. Nyumba nyingi za Malindi, za Waislamu na za Wakristo, zina vitambaa vya kroshia vilivyotandazwa juu ya meza na migongo ya makochi, na mkono unaovifuma hivyo unaweza kufuma nyota ya Krismasi bila kujifunza mshono mpya hata mmoja. Kinachohitaji kujifunzwa ni namna ya kuufanya uzi, ambao kwa asili yake hulegea, usimame hewani, tena katika mji wa pwani ambao hewa yake ina unyevu na chumvi mwaka mzima.

Tuanze na ufumaji. Ukili husukwa kwa kupishanisha miyaa kadhaa, darizi hutiwa juu ya kitambaa kilichokwisha kuwepo, na sweta hufumwa kwa sindano mbili zinazobeba vitanzi vingi kwa wakati mmoja. Katika kroshia ya kawaida kitanzi kilicho wazi ni kimoja tu: sindano huingizwa katika mshono uliotangulia, huvuta uzi, huupitisha ndani ya kitanzi hicho, na mshono unakuwa umekwisha kufungwa kabla unaofuata haujaanza. Kwa sababu hiyo mfumaji anaweza kugeukia upande wowote, kuzunguka duara, kuchomoza mkono pembeni na kurudi kwenye kiini, mambo ambayo ni magumu kwa sindano mbili. Maumbo mengi ya Krismasi, kama vile nyota, kengele na shada la mlangoni, huanza na duara au hutawanyika kutoka katikati kwenda nje, na ndiyo maana yamepatana sana na kroshia. Hali hiyo hiyo imeifanya kazi hii ibaki mikononi mwa watu: viwanda hutoa vitambaa vinavyofanana nayo, lakini hivyo hufumwa na mashine kwa njia nyingine, na kroshia halisi inayouzwa madukani, hata ile ya bei ya chini kabisa, imepitia vidole vya mtu. Anayepatana bei ya nyota moja ufukweni angefaa alijue hilo kabla hajataja bei yake.

Mishono inayohitajika ni michache. Cheni ni mfululizo wa vitanzi vinavyopita kimoja ndani ya kingine. Mshono mfupi hutoa kitambaa kilichoshikamana. Mshono mrefu, ambao uzi huzungushwa kwanza juu ya sindano, hutoa kitambaa chenye nafasi. Mengine yote ni mchanganyiko wa hiyo mitatu. Tahadhari moja inafaa hapa: katika maelekezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza, jina moja humaanisha mshono mfupi kwa Waingereza na mshono mrefu kwa Wamarekani, kwa hiyo mtu anayefuata maelekezo ya mtandaoni akaona kengele yake inarefuka kupita kiasi na aangalie kwanza maelekezo hayo yametoka nchi gani.

Mkutano wa kroshia na Krismasi si wa kale kama wengi wanavyodhani. Maelekezo ya kwanza ya kroshia yanayojulikana kuchapishwa yalitoka Uholanzi mwaka 1823, katika jarida la Pénélope, na wakati wa njaa kuu ya Ireland iliyoanza mwaka 1845 watawa waliwafundisha wanawake na wasichana kufuma lesi ya kroshia ili wapate fedha ya chakula. Mti wa Krismasi wenye mapambo nao ni desturi ya Wajerumani, iliyopata umaarufu mkubwa Uingereza baada ya gazeti la Illustrated London News kuchapisha, mwaka 1848, mchoro wa Malkia Victoria na mumewe Albert wakiwa na watoto wao kando ya mti uliopambwa. Naitaja miaka hiyo kwa sababu hapa Malindi ni rahisi kuamini kwamba kila jambo la Kikristo lilishuka na Wareno. Vasco da Gama alitia nanga hapa mwaka 1498, na lile kanisa dogo la Wareno lingali karibu na bahari, lakini mabaharia wale hawakuwa na mti wa mapambo wala sindano ya kroshia. Vyote viwili vilienea zaidi ya miaka 300 baadaye.

Umbo linalofumwa kuliko yote ni chembe ya theluji, na hapa mtu anaweza kuuliza chembe ya theluji inatafuta nini katika mji ambao mwezi wa Desemba una joto la nyuzi 30. Mimi sioni ubaya wa kuifuma, mradi anayeifuma aijue. Chembe halisi ina mikono sita, kwa kuwa maji yanapoganda molekuli zake hujipanga katika pembe sita. Mwanaastronomia Johannes Kepler aliliandikia swali hilo la pembe sita mwaka 1611, karne kadhaa kabla ya watu kuweza kuzitazama molekuli zenyewe. Kwa hiyo mfumaji hufuma cheni sita na kuziunganisha ziwe pete, huijaza pete kwa mishono mirefu 12, kisha kila baada ya mishono miwili hufuma tao la cheni hadi yapatikane matao sita, na juu ya kila tao huchomoza mkono wenye vijino vya cheni tatu tatu. Ile yenye mikono mitano au minane, ambayo huuzwa mara nyingi, ni ua zuri au nyota nzuri, lakini si theluji. Nyota ya Bethlehemu haina sharti hilo, kwa kuwa Injili haisemi ilikuwa na ncha ngapi, na ndiyo inayonipendeza zaidi mtini, kwa sababu habari yake inaeleweka na mtoto yeyote wa pwani aliyelala uani akitazama juu.

Uzi ndio unaoamua kama kazi itafaulu. Uzi mwembamba wa pamba ulioviringwa vizuri, ule unaoandikwa namba 10, hufumwa kwa sindano ya chuma ya unene wa karibu milimita 1.5, na chembe ya mizunguko mitatu au minne hutoshea kiganjani. Namba inavyozidi kupanda ndivyo uzi unavyozidi kuwa mwembamba. Uzi wa sufu au wa akriliki, unaotumika kwa masweta, huvimba, huficha vijino na hukataa kukazwa, kwani akriliki hainywi kanji kama pamba inavyoinywa. Uzito nao una maana yake hapa kwetu: anayekata tawi la mvinje badala ya kununua mti wa plastiki atagundua kwamba vijiti vyake ni laini na huinama, hivyo pambo zito huteleza hadi sakafuni, ilhali nyota ya uzi mwembamba hukaa palepale ilipowekwa. Uzi mwekundu ujaribiwe kabla ya kuchanganywa na mweupe, kwa kulowesha kipande na kukibana ndani ya kitambaa cheupe kwa muda. Ukichuja, usitumike katika pambo moja na mweupe, kwa sababu ili likazwe, pambo ni lazima lilowane.

Sasa tufike kwenye kukaza kwenyewe. Watu wa pwani ni mafundi wa jambo hili bila kuliita jina kubwa, kwani kofia za vito hufuliwa, hutiwa kanji na kukaushwa zikiwa zimevikwa juu ya kitu cha duara ili zisimame wima kichwani, na kanzu hutiwa kanji kabla ya kupigwa pasi. Pambo la kroshia linadai ujuzi ule ule. Kijiko kimoja cha mezani cha kanji ya muhogo hukorogwa kwanza katika maji baridi kidogo, kisha humiminwa polepole katika kikombe cha maji yanayochemka huku mkono ukikoroga, mpaka weupe wake upotee na uwe angavu. Jirani yangu, mama wa makamo wa mtaa wa Shela ambaye amezikaza kofia za mumewe kwa miaka mingi, alikuwa akizitosa nyota katika bakuli, akazikamua kwa kuzibana katikati ya viganja bila kuzisokota, kisha akaiinua mojawapo kwenye mwanga na kupuliza kila tundu. “Mwanangu, kanji ikibaki matunduni ikakauka, utaona utando mweupe, na nyota itakuwa na macho ya mgonjwa,” alisema, akaendelea kupuliza. Ni kweli. Kanji inatakiwa iingie ndani ya uzi wala isikae juu yake, na dalili ya kanji nzito ni ule utando unaopasuka na kumwaga unga pambo linapoguswa.

Baada ya kukamuliwa, nyota hutandazwa juu ya ubao laini au kipande cha povu gumu kilichofunikwa karatasi ya plastiki, ambacho chini ya plastiki kimechorwa mistari inayotoka katikati: digrii 60 kati ya mstari na mstari kwa mikono sita, digrii 72 kwa mikono mitano. Kila ncha huvutwa hadi kwenye mstari wake na kubanwa. Hapa kazi nyingi nzuri huharibika, kwa sababu pini za chuma cha kawaida hushika kutu upesi katika hewa yetu ya chumvi, na pini iliyokaa usiku kucha katika pamba yenye maji huacha doa la kahawia lisilotoka. Vijiti vya kuchokolea meno vinatosha kabisa. Nyota iachwe kivulini, mahali penye upepo, hadi ikauke yote.

Maelekezo mengi yaliyoandikwa katika nchi za baridi hupendekeza maji mazito ya sukari badala ya kanji. Huko yanafaa, Malindi hayafai hata kidogo. Sukari hunywa unyevu wa hewa, pambo likanata na kulegea, na sisimizi hawahitaji kualikwa. Gundi nyeupe ya maji, iliyochanganywa na maji kiasi kile kile, huvumilia unyevu zaidi ya kanji na yafaa kwa pambo litakalotundikwa nje barazani, lakini ina kasoro yake: pambo lililotiwa gundi ikakauka ni vigumu kufuliwa likarudia ulaini wake, na likipinda katika kuhifadhiwa hubaki limepinda. Kwa mapambo ya ndani ya nyumba mimi nachagua kanji.

Mapambo yaliyojazwa ni namna nyingine, nayo hayahitaji kanji kwa kuwa umbo lake hushikiliwa kutoka ndani. Vipira, malaika na wanyama wa horini hufumwa kwa mishono mifupi iliyobanana, mzunguko juu ya mzunguko, kisha hujazwa kabla tundu la mwisho halijafungwa. Wengi hutumia pamba ya dukani, lakini sufi, ile inayotoka katika matunda ya msufi na kujaza mito yetu tangu zamani, ni nyepesi zaidi, nayo hainywi maji upesi. Mji huu una wakazi wengi wenye asili ya Italia, na kwao desturi ya kupanga hori la Krismasi ina heshima kubwa, ikihusishwa na Mtakatifu Fransisko wa Assisi na hori aliloliandaa katika kijiji cha Greccio, Italia, mwaka 1223. Fundi anayeweza kufuma punda, ng’ombe na mtoto aliyelala ana kazi ambayo mwenye kufuma theluji peke yake hana.

Vifaa vya kuvaliwa huenda kinyume na hayo yote, na kuvichanganya na mapambo ni kosa la kawaida. Pambo linatakiwa liwe gumu; kivazi kinatakiwa kifuate mwili. Skafu na glavu nyekundu zinazojaa katika picha za mtandaoni hazina pa kuvaliwa hapa wakati wa kaskazi, bali ukanda wa nywele wa pamba, kibanio chenye jani la kijani au kikoba kidogo cha kwendea kanisani usiku wa mkesha huvaliwa na kutumika hata Januari. Hereni za nyota ziko katikati: hutiwa kanji nyepesi tu, zisichome shingo, na kulabu zake ziwe za chuma kisichoshika kutu. Soksi ya kutundika, inayosubiri zawadi, haikazwi, lakini ifumwe kwa mishono mifupi, la sivyo peremende zitapenya matunduni.

Krismasi ikipita, pambo la kanji lisihifadhiwe na kanji yake. Mende na wadudu wadogo wa kabatini hula wanga, na wakiufuata hula na pamba pamoja nao. Lirowekwe katika maji ya uvuguvugu mpaka lilegee kabisa, lioshwe kwa sabuni isiyo kali, likaushwe mpaka ndani ya mafundo, kisha liwekwe likiwa laini ndani ya mfuko wa kitambaa, si wa plastiki unaofungia unyevu. Mwezi wa Desemba unaofuata hutiwa kanji upya na kubanwa kwenye mistari ile ile, na mkono uliokuwa umepinda mwaka uliopita hupata nafasi ya kunyooshwa.