Soma ule mstari kabla ya kubonyeza kitufe cha kukubali

Kazi yangu ni kutunza seva. Kila mtu mpya anapopewa akaunti kwenye seva ninayoisimamia, mimi huketi naye siku anapofungua WinSCP au FileZilla, programu za kuhamisha faili kati ya kompyuta na seva, kwa mara ya kwanza. Siketi hapo kumfundisha kuburuta faili kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia. Hilo atalizoea mwenyewe kwa dakika mbili. Nangoja kile kidirisha kinachosema seva hii haijulikani, je, uendelee? Karibu wote hukubali kabla hawajamaliza kusoma, nami huwashika mkono hapo hapo.

FTP ya zamani, njia ya kuhamisha faili ambayo kanuni zake zilichapishwa 1985, hupeleka jina la mtumiaji na nenosiri yakiwa wazi. Aliye njiani kati yako na seva huyasoma kama anavyosoma barua isiyo na bahasha. Ni wizi wa manenosiri wa namna hiyo, uliotokea kwenye mtandao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki mwaka 1995, uliomfanya Tatu Ylönen aandike SSH, njia ya kuwasiliana na seva kwa siri. SFTP, njia ya kuhamisha faili tunayoitumia sisi, husafiri ndani ya SSH, kwa kawaida kupitia poti 22, na kila kitu kinachopita humo kimefichwa. (Majina yasikuchanganye: FTP iliyoongezewa ulinzi wa TLS, ule ule wa tovuti za https, ni FTPS, kitu kingine kabisa.)

Sasa, kuficha mazungumzo hakukuhakikishii unazungumza na nani. Tapeli akijipenyeza katikati na kujifanya ndiye seva, mawasiliano yenu yatafichwa vizuri tu, na nenosiri lako litamfikia yeye. Kinachomuumbua ni ufunguo wa seva, yaani kitambulisho chake cha kipekee. Ndani ya kile kidirisha kuna mstari unaoanza na SHA256, kisha herufi, tarakimu, na pengine + au /, jumla 43, zilizochanganyika. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya ufunguo, na tapeli hawezi kuighushi.

Unailinganisha na nini? Na ile utakayopewa na msimamizi kwa njia nyingine, kwa mfano kwa simu. Mimi naipata kwenye seva yenyewe kwa amri hii:

ssh-keygen -lf /etc/ssh/ssh_host_ed25519_key.pub

Angalieni kwanza kama mnalinganisha aina moja ya ufunguo. Alama ya ufunguo wa aina ya ED25519 haitafanana kamwe na ya aina ya RSA, hata kama seva ni ile ile. Zikilingana, kubali. Programu itaikumbuka, haitakuuliza tena.

Itakuuliza tena siku ufunguo utakapobadilika, na siku hiyo onyo huwa kali. Wakati mmoja nilisimika upya mfumo kwenye seva bila kurudisha funguo zake za zamani. Mwenzangu alikuta onyo, akaacha kila kitu akanipigia: "Kaka, kuna kitu umebadilisha?" Nilimsomea alama mpya, akaithibitisha herufi kwa herufi, akaendelea na kazi. Kwangu, mtumiaji anayepiga simu kama yule ana thamani kuliko ukuta wowote wa moto (firewall).

Mkishafahamiana na seva, achana na nenosiri, tumia jozi ya funguo: mmoja wa siri, mmoja wa hadharani. Tengeneza ya ED25519, uifunge kwa fungu la maneno (passphrase), kisha umpe msimamizi ule ufunguo wa hadharani tu. Wa siri hautoki kwenye kompyuta yako. WinSCP hutaka ufunguo wa siri katika muundo wa .ppk, na ukichagua faili la OpenSSH, yaani lile linalotengenezwa na ssh-keygen, itajitolea kukubadilishia. Kwa wanaohifadhi manenosiri ndani ya FileZilla: weka nenosiri kuu kwenye mipangilio. Bila hilo, manenosiri yako yamo ndani ya faili la sitemanager.xml kwa base64, namna tu ya kuandika data kwa herufi, na base64 hufumbuliwa na mtu yeyote kwa sekunde moja.

Kuhusu kusawazisha folda, yaani kuifanya folda ya kwako na ya seva zifanane, chaguo la kufuta mafaili yasiyokuwepo upande wa pili liwashwe kwa nadra sana, tena baada ya kukagua orodha ya yatakayofutwa. Ukigeuza upande kimakosa, folda tupu ya kwako itaisafisha seva. Na ukikuta kwenye seva faili linaloishia na .filepart, usilifute kwa haraka: WinSCP ilikatikiwa na mtandao ikipakia faili kubwa. Unganisha tena, pakia faili lile lile, nayo itakuuliza kama iendelee pale ilipoishia.